Isiyo na Maziwa, Je, Ina Nini?



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya madrasa iliyo jirani na msikiti wetu ilikaa kikao kirefu kuliko ilivyotarajiwa. Kilichowakalisha hakikuwa posho za walimu wala paa linalovuja, bali aiskrimu. Wazazi kadhaa walikuwa wamelalamika kwamba watoto wao, kila wakila zile koni zinazouzwa mlangoni baada ya darsa la Alasiri, hurejea nyumbani wakiumwa na matumbo. Mzee mmoja mwenye kuheshimika akatoa shauri kwamba muuzaji aruhusiwe kuleta zile tu zilizoandikwa kuwa hazina maziwa, kwani hizo, kwa kauli yake, hazina madhara na zina afya zaidi. Wajumbe wakaafiki, dua ikasomwa, watu wakaenda kulala.

Wiki ya pili yake mama mmoja alifika na kopo mkononi. Mwanawe ana mzio wa maziwa, na kwa kuusikia uamuzi ule alifurahi, akanunua. Lakini mama huyo ana ada ya kugeuza kila kopo na kusoma nyuma. Mbele ya kopo palikuwa na maandishi makubwa kuwa halina maziwa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama chawa, palitajwa kaseineti, na kaseineti hutokana na maziwa. Kamati ikatutaka tuliandikie jambo hili, nasi tumeona ni vyema tahariri nzima ya mwezi huu iwe juu yake, kwani mlango wa madrasa ile haukosi kufanana na milango ya madrasa nyingine.

Tuanze na haki ya yule mzee, kwa sababu shauri lake halikutoka hewani. Sukari iliyomo katika maziwa, iitwayo laktosi, huhitaji kimeng'enya maalumu tumboni ili imeng'enywe. Mtoto mchanga huzaliwa nacho, lakini kwa walio wengi miongoni mwa wanadamu hupungua sana baada ya utoto. Laktosi isiyomeng'enywa huteremka hadi kwenye utumbo mpana, vijidudu vya huko huichachusha, na matokeo yake ni gesi, kunguruma na kuharisha. Mwaka 2007 timu ya wanasayansi iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilitangaza kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya iligundua badiliko la kurithi linalomwezesha mtu mzima kuendelea kumeng'enya maziwa, nalo ni tofauti na lile la watu wa Ulaya. Basi mfugaji wa bara anayekunywa kibuyu kizima bila taabu, na mvuvi wa pwani anayesokotwa na tumbo kwa gilasi mbili, hakuna kati yao aliye mgonjwa. Kila mmoja amerithi alichorithi.

Hata hivyo, watu wengi wa namna hii huweza kustahamili kikombe kimoja cha maziwa, yaani kama gramu 12 za laktosi, hasa wakinywa pamoja na chakula, na mtindi huwa mwepesi zaidi kwao. Aiskrimu ya kawaida ya gramu 100 ina takriban nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo mtoto anayeumwa tumbo kila siku kwa koni moja ndogo, yafaa mzazi wake apeleleze pia maji yaliyotumika na usafi wa mikono iliyoitengeneza, kabla ya kuyahukumu maziwa. Kugandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Huvihifadhi tu hadi barafu iyeyuke mdomoni.

Mzio ni jambo jingine kabisa, na kuyachanganya mawili haya ndiko kulikoitia kamati katika kosa. Mwenye mzio hadhuriwi na sukari ya maziwa, hudhuriwa na protini yake, na kiasi kidogo mno chaweza kumvimbisha midomo, kumbana pumzi, hata kuhatarisha uhai wake. Kaseini ni mojawapo ya protini hizo. Viwanda huipenda kwa sababu huyashika mafuta na maji yasiachane. Nchini Marekani sheria inaruhusu chakula kiitwe kuwa si cha maziwa ilhali kina kaseineti, kwa sharti kwamba kwenye orodha ya viungo iandikwe kuwa hiyo imetokana na maziwa. Yaani mbele ya kopo pasema hapana, nyuma pasema ndiyo, na vyote viwili ni halali mbele ya sheria ile! Mzazi wa mtoto mwenye mzio hana njia ila kusoma nyuma, tena kila mara anunuapo, kwani kiwanda hubadilisha viungo bila ya kubadilisha picha.

Sasa tuje kwenye neno la pili la mzee wetu, kwamba isiyo na maziwa ina afya zaidi. Hapa hatuwezi kukubaliana naye. Maandishi hayo hueleza kilichoondolewa tu. Vitu hivi havikubuniwa kwa ajili ya afya hapo mwanzo. Huko Marekani kulikuwapo kitu kiitwacho mellorine, kilichotengenezwa kwa mafuta mengine badala ya mafuta ya maziwa kwa kuwa ni rahisi kwa bei, na sheria ya huko hadi leo inataka kiwe na mafuta yasiyopungua asilimia 6 na protini asilimia 2.7. Naye David Mintz, Myahudi mwenye mkahawa jijini New York, aliyeanzisha kampuni ya Tofutti mwaka 1981, alitafuta kitamutamu cha soya kwa sababu dini yao inawakataza kuchanganya nyama na maziwa katika mlo mmoja. Mmoja alitafuta unafuu, mwingine alitafuta kuitii sheria ya dini yake. Sifa ya afya ilibandikwa baadaye.

Tuangalie basi kilichoondolewa. Aiskrimu ya maziwa ya vanila, gramu 100, ina takriban kalori 207, mafuta gramu 11, sukari gramu 21, protini gramu 3.5 na kalsiamu miligramu 128. Hatusemi kwamba hicho ni chakula bora, la hasha. Sukari yake ni vijiko vya chai vitano. Lakini humo mna protini kidogo na kalsiamu ya kujenga mifupa. Yakiondolewa maziwa, kalori na sukari aghalabu hubaki, na kinachotoweka ni vile viwili ambavyo mtoto alikuwa akivihitaji.

Kilichowekwa mahali pake hutegemea kiwanda. Iliyotengenezwa kwa soya hukaribia maziwa kwa protini, lakini kalsiamu yake ni haba isipokuwa imeongezwa na kutajwa kwenye kopo. Ile ya maji, sukari na rahamu ya matunda haina mafuta wala protini ya kuhesabika. Nguvu yake yote ni sukari, ambayo mara nyingi huwa gramu 25 au zaidi katika kila gramu 100. Kisha ipo ile ya tui la nazi, na hapa yatupasa tuseme kwa upole kwani sisi ni watu wa pwani na tui kwetu si kiungo, ni nasaba. Tui zito lina kalsiamu takriban miligramu 16 katika gramu 100, ilhali maziwa ya ng'ombe yana karibu mara saba ya hizo. Na mafuta yake, zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayoganda, ambayo wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba. Mafuta ya maziwa yenyewe yana karibu thuluthi mbili ya namna hiyo, na ya mawese karibu nusu. Mafuta hayo ndiyo yanayopandisha lehemu mbaya katika damu, na Shirika la Afya Duniani limeshauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula cha siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000. Kopo la nazi lenye gramu 12 za mafuta humpa mlaji gramu kama 10 za hayo kwa kikao kimoja. Wali wa nazi wa mchana haujahesabiwa.

Aina ya mwisho, nayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayoenea zaidi mitaani, ni ile ya mafuta ya mimea yasiyotajwa jina. Mafuta hayo yaweza kuwa ya mawese, au ya kokwa la mchikichi ambayo kwa kuganda hayapishani na ya nazi. Ikiwa kwenye orodha pameandikwa kwamba yamegandishwa kwa haidrojeni, basi mzazi na alirejeshe kopo rafuni. Ugandishaji huo usipokamilika huzaa mafuta ya transi, mabaya kuliko yote kwa moyo, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula vya viwandani kufikia mwaka 2023. Zipo nchi zilizotii na zipo ambazo bado.

Huenda msomaji akauliza: mbona sukari huwa nyingi kiasi hicho? Sababu ni mbili. Baridi huupumbaza ulimi, hivyo kitu kilichoganda huhitaji utamu mwingi ndipo uonekane kuwa wa kadiri. Mwenye shaka na aiyeyushe koni moja kwenye bakuli, aionje ikiwa ya uvuguvugu, hataweza kuimaliza. Sababu ya pili ni kwamba sukari huyazuia maji yasigande kuwa jiwe, na pasipo maziwa na mafuta ya kulainisha, mzigo huo wote huiangukia sukari. Shirika hilohilo la afya, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5. Kwa mtoto anayekula kalori 1,500 hiyo ni takriban vijiko tisa vya chai kwa siku nzima, na afadhali vinne na nusu. Chai ya asubuhi, andazi na soda vimo ndani ya hesabu hiyo. Meno yaliyooza ya watoto wetu hayahitaji takwimu. Walimu wa tajwidi wanayaona kila jioni herufi zinapotafutiwa matamshi yake.

Kuna hila moja ya vipimo ambayo tungependa kuitaja. Aiskrimu hupigwa ikajazwa hewa, na ya bei rahisi yaweza kuwa hewa karibu nusu ya ujazo wake. Kwa hiyo mililita 100 za kitu hicho huenda zikawa na uzito wa gramu 55 tu. Kopo moja likihesabu virutubisho kwa mililita 100 na jingine kwa gramu 100, la kwanza litaonekana lina sukari na mafuta kidogo, na pengine yakipimwa kwa mizani ni yale yale. Tulinganishe gramu kwa gramu.

Kwa upande wa dini, wengi hudhani kwamba kisicho na maziwa hakina chochote cha mnyama, na kwa hiyo hakina shaka. Sivyo. Jelatini inayotumika kulainisha yaweza kutokana na ngozi ya nguruwe. Kiungo chenye namba E471 chaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mnyama, na namba yenyewe haisemi. Rangi nyekundu ya E120 hutolewa kwa wadudu. Vanila halisi ya kimiminika, kwa sheria ya Marekani, haiitwi kwa jina hilo mpaka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Hukumu za kila kimoja tunawaachia mashekhe wetu. Sisi tunasema tu kwamba alama ya kutokuwa na maziwa haiwezi kukaa mahali pa alama ya halali, wala ya halali haiwezi kukaa mahali pa hesabu ya sukari. Na wala si kila namba ni ya kuogopwa. E407 ni utomvu wa mwani, ule ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani walianza kuulima kwa biashara mwaka 1989, wakiuanika juani na kuuza kilo kwa bei ambayo aghalabu haikuwatosha. Huenda mtoto wa mkulima huyo amekwisha kuula mwani wa mamake ndani ya kopo lililorudi kutoka ng'ambo, kwa bei ambayo mamake hawezi kuilipa.

Rangi nazo zataka neno moja. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, walieleza kwamba michanganyiko fulani ya rangi za viwandani, pamoja na kihifadhi kimoja, iliongeza utukutu kwa watoto waliochunguzwa, na tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unalazimisha onyo liandikwe kwenye vyakula vyenye rangi sita zilizohusika, mojawapo ikiwa E102, ile ya njano. Ushahidi wake si wa kukata, lakini rangi haimlishi mtu kitu, hivyo kuikosa si hasara.

Wapo watakaosema, basi turejee kwenye barafu zetu za mifuko za ubuyu na ukwaju zinazogandishwa nyumbani. Tunaziunga mkono, ila nazo tusizifumbie macho. Unga wa ubuyu una kalsiamu ya kutosha, kama miligramu 300 katika gramu 100, na vitamini C yake kwa kawaida huzidi ya chungwa la uzito ule ule mara kadhaa. Umoja wa Ulaya uliuidhinisha kuwa chakula mwaka 2008, miaka mingi baada ya bibi zetu. Lakini barafu moja hubeba unga mchache, labda gramu 10, na mama anayetia robo kilo ya sukari katika lita moja ya maji anamwuzia mtoto zaidi ya vijiko vitano katika kila mfuko wa mililita 100. Hapo amekwishapishana na kiwanda kwa jina tu. Isitoshe, ubuyu kwa asili yake ni mweupe wa maziwa. Ule mwekundu umetiwa rangi, tena mara nyingine rangi ambayo haijulikani ilitengenezwa kwa ajili ya nini.

Nusu ya sukari hiyo inatosha. Maji yachemshwe kwanza na yaachwe yapoe, ndipo unga wa ubuyu utiwe, kwani moto huiharibu vitamini C ambayo ndiyo fahari ya tunda hilo. Na kwa mwenye friji, ndizi mbivu zilizopita kiasi, ambazo muuza matunda huziuza kwa bei ya kutupa, zikimenywa, zikagandishwa na kisha kupondwa au kusagwa, hulainika kama aiskrimu bila ya kijiko kimoja cha sukari. Mtu akiongeza gramu 20 za unga wa karanga zilizokaangwa hupata protini kama gramu 5, nayo imeishinda aiskrimu ya maziwa yenyewe. Ila karanga nazo zina watu wenye mzio nazo, basi mwenye kuuza aseme wazi kilichomo.

Kwa kamati ile tunatoa rai ifuatayo. Uamuzi wa kuruhusu tu zisizo na maziwa ufutwe, kwa kuwa unawapa wazazi amani isiyokuwapo. Muuzaji asifukuzwe, naye ana watoto wa kulisha. Aombwe alete makopo yenye orodha ya viungo inayosomeka, na mwalimu mmoja apewe kazi ya kuyasoma kila shehena mpya inapofika. Majina ya watoto wenye mzio, wa maziwa, wa karanga au wa kingine chochote, yaandikwe katika daftari la mahudhurio, na muuzaji aoneshwe watoto hao kwa sura. Siku za mlangoni zipunguzwe ziwe mbili kwa wiki badala ya sita. Na sikukuu ya Idi, kamati inapowanunulia watoto kwa fedha za waumini, iwe na ujasiri wa kununua matikiti na mananasi yaliyopoozwa, hata kama watoto watanung'unika mwaka wa kwanza.

Kikao kitarudiwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Isha, in shaa Allah. Wazazi wanaombwa waje na makopo matupu waliyonayo majumbani, na wenye miwani ya kusomea wasiisahau.